Mpima Chumvi ya Mto

Kabla ya kuamini mashine, alionja. Aliinama ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akayashika mdomoni kitambo, akayatema pembeni, kisha ndipo alipofungua kisanduku cha mbao alimoweka mita yake yenye mshale. Mara nyingi ulimi na mshale vilikubaliana. Visipokubaliana alipima tena, na vikikataa kabisa kupatana, aliandika alichosema mshale. Ulimi wa mtu huzoea, alisema. Mtu akinywa uchungu kila siku mwisho atakuapia kwamba ni utamu.

Sisi wa ofisini tulimwita Mpima. Wafugaji wa chini ya mto walimwita Abba Sogida, yaani baba wa chumvi, na jina hilo lilimchekesha mwanzoni. Baadaye halikumchekesha tena, maana kwa lugha yetu Waborana, baba wa kitu ni mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeulizwa kitu kikiharibu.

Nilimkuta kazini mwaka wa sabini na saba, nilipotoka nyumbani Wabera kwenda kuwa mpiga taipu wa skimu ya umwagiliaji. Skimu ilikuwa kando ya mto, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Isiolo mjini, na ilikuwa imefunguliwa kwa ajili ya watu waliopoteza mifugo yao wakati wa vita vya shifta na katika kiangazi kilichofuata. Mtu aliyekuwa na ng'ombe mia alipewa kipande cha shamba na jembe, akaonyeshwa kitunguu. Pampu zilivuta maji mtoni, mifereji ikayapeleka mashambani, na yaliyobaki yakakusanywa na mtaro mmoja mkubwa, ukayarudisha mtoni huko chini. Kazi ya Mpima ilikuwa kuyafuata maji hayo kila mwezi, kuanzia kwenye pampu mpaka malka, pale kivukoni ambapo wafugaji walinywesha wanyama na wake zao waliteka maji ya nyumbani. Alipima chumvi, akaniletea nambari, nikazipiga taipu nakala tatu.

Mimi sikuelewa chumvi inatoka wapi. Nilidhani kuna mtu anaimwaga. Siku moja aliingia ofisini na sufuria, akaijaza maji ya mfereji, akaiacha juu ya stovu ya mafuta ya taa mpaka ikakauka, kisha akaniwekea mezani, juu ya karatasi zangu. Chini kulikuwa na ukoko mweupe.

"Jua linakunywa maji," aliniambia. "Chumvi haliinywi. Sasa wewe mwagilia shamba hivyo miaka kumi."

Akaeleza kwamba mkulima akiona weupe juu ya udongo humwagilia zaidi ili auoshe, na chumvi ikioshwa haifi. Inaingia mtaroni, inaenda kwa jirani.

Alikuwa Mmeru, mtu wa kanisa, mrefu, mwenye magoti yaliyolia akiinama. Aliogopa mamba kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na bado kazi yake ilikuwa kusimama majini. Kila kituo alirusha mawe matatu kabla ya kutia mguu, kisha akaimba nyimbo za kanisani kwa Kimeru, kwa sauti kubwa, wakati wote alipokuwa ndani. Kina mama wa malka walisema mamba wa mto ule walikuwa wameshabatizwa. Aliiosha kila chupa mara tatu kwa maji yale yale aliyotaka kuyachukua, hata siku za jua kali ambapo dereva alikuwa akipiga honi kule juu.

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Alichelewa kila mkutano na hakuomba radhi. Alimsema mpishi mbele ya watu. Karatasi yangu ikiwa na nukta moja mahali pasipo pake aliirudisha, na nilichapa upya mara nne bila yeye kusema pole. Mwezi mmoja mafuriko yalimzuia kufika vituo viwili, na mimi, kwa kutaka kumsaidia, nikajaza nambari zilizokaribiana na za mwezi uliopita. Alizisoma, akachukua kalamu nyekundu akazikata.

"Andika haikupimwa," alisema. "Afadhali pengo kuliko meno ya bandia."

Nililia siku ile. Baadaye nilijivunia kufanya kazi na mtu wa namna hiyo, na nilipokwenda nyumbani kwa Idi nilimrudia marehemu baba maneno hayo kama msemo wangu mwenyewe.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulisema kwa miaka sita. Alilisema siku moja tukiwa kwenye lori, njiani kutoka mjini, tulipofika mahali ambapo mtaro mkubwa unaonekana kutoka barabarani. Kabla hajawa mpima maji alikuwa fundi wa kupima ardhi. Yeye ndiye aliyepigilia vigingi vya mtaro ule. Alikuwa amepewa mistari miwili ya kuchagua: mmoja ulizunguka kwenda kwenye bonde kavu ambako maji yangekauka peke yake, mwingine ulikwenda moja kwa moja mtoni. Wa kwanza ulikuwa mrefu na ungechukua msimu mzima kuchimba. Watu walikuwa wamekaa kambini wakila chakula cha msaada, kila mtu alitaka mashamba yaanze. Akachagua mfupi. Alinieleza haya akiangalia mbele, kama anayesimulia habari za mtu mwingine, kisha akaanza kumgombeza dereva kwa mwendo wake.

Tangu siku hiyo nilielewa kwa nini alikuwa akienda mpaka malka kwa miguu miezi ambayo gari liliharibika.

Pale malka alikuwa na mwenyeji wake. Aliitwa Talaso, mke wa mfugaji mmoja aliyeitwa Jarso, na kila mwezi Mpima alipotoka majini akitetemeka, Talaso alimpa maziwa kwenye kibuyu. Hawakuwa na lugha moja. Yeye alijua maneno kama ishirini ya Kiborana na Talaso alijua Kiswahili cha salamu, lakini walizungumza sana, kwa mikono, na mara nilipofuatana naye nilikuta wanabishana kuhusu mbuzi mwenye jicho bovu kana kwamba wamekuwa majirani utotoni. Mtu huyu aliyekuwa mkali kwa kila mmoja alikuwa mpole kwa Talaso. Alimletea majani ya chai kutoka kwao milimani. Talaso alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na alipopata mimba tena mwanzoni mwa themanini na nne, Mpima alinieleza kabla sijasikia kwa mtu mwingine.

Mwaka huo mvua haikuja. Mto ulipungua mpaka pampu zikawa zinanyonya mchanga, na ulipofika chini ya skimu ulikuwa umekwisha. Kilichokuwa kinapita malka hakikuwa mto tena. Yalikuwa ni maji ya mtaro peke yake.

Mpima alileta ripoti ambayo sikuwahi kuona mfano wake. Chini ya nambari aliongeza sentensi kwa mkono wake mwenyewe: maji ya malka hayafai kwa binadamu wala kwa mifugo, watu waarifiwe mara moja. Niliichapa ilivyo. Meneja wa skimu aliisoma, akamwita Mpima, na kwa kuwa ukuta kati ya ofisi zetu ulikuwa wa mbao, nilisikia yote.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Hilo ni gumu kulieleza. Hakupiga kelele. Alisema wafadhili walikuwa wanaamua mwezi huo kama skimu itaendelea, na ripoti kama hiyo ikiwafikia wataifunga, na familia hizi zote zitarudi kambini kupanga foleni. Alisema mtaro wa pili, ule wa kwenda bonde kavu, umeshaombwa na utachimbwa mwaka utakaofuata. Alisema mvua ya Novemba iko karibu na itausafisha mto. Halafu akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba anajua ni nani aliyechora mtaro huu wa sasa.

Kisha karatasi ilirudi kwangu. Sentensi ilikuwa imekatwa, na badala yake imeandikwa: maji yanaendelea kupimwa. Nambari za malka nazo zilikuwa zimebadilishwa, kwa mwandiko wa meneja. Niliichapa nakala tatu. Mpima alikuja kuweka sahihi, akaiweka bila kusoma, yeye aliyekuwa akiirudisha karatasi kwa nukta moja. Hakuniangalia, na mimi nilikuwa na shughuli na karatasi za kaboni.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na baraza kwenye uwanja wa stoo. Bwana DO, ofisa wa serikali wa tarafa, alikuja, na watu wa malka walipanda kuja kulalamika kwamba mbuzi wanaharisha na maziwa yamekauka. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Wazee walizungumza kwanza, kwa heshima na kwa kuzunguka. Kisha Talaso akasimama. Mimba ilikuwa ya miezi saba, miguu yake imevimba mpaka viatu vya raba vimepasuliwa pembeni ili viingie. Hakumwuliza DO wala meneja. Alimgeukia Mpima na kumwuliza kwa Kiswahili chake, bila kunisubiri.

"Wewe ndio unapima. Hii maji ni ya kunywa ama si ya kunywa?"

Mpima alisimama. Aliangalia kofia yake mkononi.

"Maji yanapimwa, mama," alisema.

Talaso alinigeukia mimi ili nimfafanulie. Nikafafanua. Kwa Kiborana nilichokitumia ilitoka kana kwamba maji yanaangaliwa, yana mtu wa kuyachunga. Ningeweza kuchagua neno jingine. Talaso alitikisa kichwa kwa kukubali, akaketi, akamwambia jirani yake kwamba kama Abba Sogida anayachunga basi ni sawa.

Mbuzi walianza kufa kabla ya Oktoba kwisha. Walikuja kutoka malishoni wamekauka kwa kiu, wakanywa kwa pupa, kisha wakaanza kutembea kwa kuzunguka kama vipofu, wakagonga miti, wakaanguka wakipiga mateke. Jarso alipoteza kundi karibu lote katika siku chache. Na Talaso alivimba uso. Kichwa kilimwuma mpaka akawa haoni vizuri, na asubuhi moja alishikwa na kifafa akiwa anateka maji. Walimbeba kwa machela ya fito mpaka zahanati yetu. Nesi alifanya alichoweza, gari lilikuwa mjini, na adhuhuri alikuwa amekufa, na mtoto ndani.

Nesi, msichana aliyetoka kumaliza chuo, alimwuliza Mpima kama chumvi inaweza kufanya hivyo. Nilikuwepo. Hata wakati ule hakutaka kusema asichokijua.

"Siwezi kusema ndiyo iliyomuua," alijibu. "Naweza kusema ilikuwepo."

Baada ya mazishi aliacha kuimba majini. Vituo alipima kama kawaida, lakini kimya, na bila kurusha mawe.

Siku ya sita alichukua jembe na magunia, mchana, watu wakiwa wamelala jua kali, akaenda mwisho wa mtaro akauziba. Aliujaza magunia ya mchanga, akayapiga na udongo mpaka tone lisipite. Hakumwambia mtu. Siku mbili nzima hakuna aliyegundua, kisha maji yakaanza kurudi nyuma, yakafurika kwenye mashamba ya chini, na chumvi yote iliyokuwa ikipelekwa kwa jirani ikarudi kulala juu ya vitunguu vilivyobakiza majuma mawili kuvunwa.

Shamba la kwanza kuzama lilikuwa la Mzee Boru. Huyu alikuwa mkulima wa mfano, mzee aliyechechemea, ambaye wageni wote waliletwa kumwona. Mpima alipoulizwa alisema ni yeye aliyeziba. Vijana walitaka kumpiga, na wawili walimpiga kweli, wakamvunja jino, kabla Mzee Boru hajafika. Aliwaambia wamwachie. Alikuwa ameshika kitunguu kimoja, majani yameungua ncha. Alikiweka mkononi mwa Mpima.

"Mimi nilikuwa mtu ya ng'ombe, ng'ombe ikaisha," alimwambia. "Nikakuwa mtu ya kitunguu. Sasa niambie nikuwe mtu ya nini."

Mpima alikuwa na damu mdomoni. Alikishika kile kitunguu kwa mikono miwili. Nimefikiria mara nyingi kwamba hapo ndipo alipoadhibiwa, si pale alipofukuzwa kazi.

Walizibua mtaro siku ile ile. Aliwasihi wafungue kidogo kidogo, magunia mawili kwa siku, maana maji yaliyokaa yalikuwa yamekolea chumvi kuliko mwanzo. Nani angemsikiliza? Walibomoa kwa mara moja. Alipoona hivyo aliondoka mbio, na yale magoti yake, akifuata njia ya mkato kwenda malka ili ayatangulie maji. Aliyatangulia. Alisimama kivukoni akawaambia watu wasinywe, wasinyweshe, wasogee juu. Nilisikia kwa walioshuhudia kwamba mzee mmoja alimwuliza kama maji bado yanapimwa, na watu wakaendelea na kazi zao. Wengine walimsikia, wengine hawakumsikia. Mizoga iliyookotwa malka juma lile sikuihesabu na hakuna aliyeniletea niipige taipu.

Barua ya kufukuzwa kwake niliichapa mimi. Aliipokea, akaikunja, akaniuliza kama nimeweka nakala kwenye faili. Nikamwambia ndiyo. Akasema vizuri. Mtaro wa pili haukuchimbwa. Mvua ilikuja mwaka uliofuata, mto ukajaa, na watu walisema maji yamekuwa matamu tena. Nafasi ya Mpima haikujazwa. Kwenye ripoti, mahali pa nambari za malka, meneja alikuwa akiniagiza niandike haikupimwa, na niliandika, mwezi kwa mwezi, mpaka nilipoacha kazi nikarudi mjini kuolewa.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa themanini na tisa, kwenye baraza ya hospitali ya mjini, nilipompeleka mama mkwe kutibiwa macho. Alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji na kadi yake mkononi, amekonda, nywele nyeupe, anasubiri kuitwa. Nilimtambua kwa jinsi alivyokuwa akimkosoa karani kwa kuandika tarehe vibaya. Tulisalimiana. Aliniuliza watoto wangapi, nikamwambia. Alisema anakaa kwao, analima viazi, na figo zinamsumbua.

Kisha akaniambia kwamba alikwenda kumtafuta Jarso. Alimkuta mbali, upande wa Biliqo, akichunga ngamia wa watu. Ilimchukua siku tatu kumpata. Alimweleza yote: vigingi, ripoti, baraza, magunia. Jarso alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka akakamua ngamia, akamletea maziwa, akangoja mpaka alipoyamaliza.

"Halafu akaniambia nisirudi tena," alisema Mpima. "Hakusema kwa hasira."

Mama mkwe alikuwa ameitwa ndani. Nilikuwa na dakika chache, na sikujua kama nitampata tena. Nikamwambia kwamba nambari zile za uongo nilizichapa mimi. Nikamwambia nilisikia yote ukutani, nilijua ninachokichapa. Nikamwambia kuhusu neno nililolichagua pale barazani, ambalo yeye hangeweza kulijua kwa sababu hakujua Kiborana cha kutosha, na kwamba Talaso aliketi kwa sababu ya neno langu.

Hakuniambia kwamba si kosa langu. Nilikuwa nimengoja miaka mitano mtu aniambie hivyo, na nilidhani ni yeye atakayesema. Aliiangalia kadi yake, upande huu na upande huu.

"Basi nenda kwa Jarso, dada," alisema. "Mimi nimekatazwa. Wewe hujakatazwa."

Karani aliita namba yake, akainuka, magoti yakalia, akaingia ndani.

Alikufa mwaka huo huo, nilisikia kwa mfanyabiashara wa miraa wa kijijini kwao. Mimi bado ninakaa Wabera. Lori la kwenda Biliqo na Merti hupakia kila Alhamisi mbele ya duka la mume wangu, na utingo wake ni mtu wa Biliqo, ananifahamu. Kila wiki huniuliza kama nina mzigo wa kupeleka. Namwambia sina.